Blogger, WordPress, phpBB, XenForo au Discourse? Mwangalie kwanza atakayebaki na funguo

Mtu akiniambia anataka kufungua blogu au jukwaa la majadiliano, simuulizi anapenda rangi gani wala anategemea wasomaji wangapi. Namuuliza: mwaka wa tatu, nywila ya seva atakuwa nayo nani? Wengi hapo huanza kuangalia dari. Mwaka wa kwanza kila mtu yumo. Kijana wa IT yupo, katibu ana ari, mwenyekiti ameahidi kulipia. Mwaka wa tatu kijana amepata ajira Dodoma, katibu amebadilisha namba, na programu iliyozinduliwa kwa keki na picha za pamoja imebaki kwenye toleo lilelile la siku ya uzinduzi.

Kusakinisha ni kazi ya mchana mmoja. Kampuni nyingi za hostingi, zile zinazokodisha seva, zimeweka kitufe ndani ya cPanel, ukurasa wa kusimamia seva hiyo: unabonyeza, unasubiri dakika mbili, blogu iko hewani. Kazi yenyewe inakuja baadaye, kusasisha, kupandisha toleo, kuhama. Ndiyo maana programu hizi sizilinganishi kwa sura. Nazilinganisha kwa swali moja: kiraka cha usalama, yaani sasisho la kuziba mwanya, kikitoka usiku wa Jumamosi, nani ataamka?

Blogger na WordPress

Kwa Blogger anayeamka ni Google, na hilo peke yake linatosha kuifanya iwe jibu sahihi kwa watu wengi kuliko wanavyopenda kukubali. Ilizaliwa 1999 katika kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Pyra Labs, Google wakainunua 2003, na mwenye blogu humo hana toleo la kulifuatilia wala PHP, lugha ya programu inayoendesha nyingi ya hizi nyingine, ya kuijua. Gharama ni sifuri, labda ulipie domeini yako uondokane na ule mkia wa blogspot.com. Kizazi cha kwanza cha wanablogu wa Kitanzania kilikulia humo. Blogu ya Issa Michuzi, iliyoanza 2005, ndiyo wengi wetu tuliyokuwa tukiichungulia ofisini bosi akishatoka kwenda kula.

Ubaya wake ni ule wa chumba cha kupanga: ukuta si wako. Zamani Blogger iliweza kuzituma kurasa zako kwa FTP, njia ya kusafirisha faili, hadi kwenye seva yako mwenyewe. Mei 2010 Google wakaizima njia hiyo, na kila aliyeitumia akatakiwa ahamishie blogu kwao au atafute programu nyingine. Ukitaka kuondoka unapewa faili la XML lenye makala na maoni. Picha hazimo ndani ya faili hilo. Ndani yake kuna viungo tu vinavyoelekeza kwenye seva za Google. Mwenye blogu ya picha elfu tano aijue habari hii kabla hajaanza, si siku anayofungasha virago.

WordPress ni nyumba yako, pamoja na paa linalovuja. Matt Mullenweg na Mike Little waliianzisha 2003 kutokana na programu iliyokuwa imeachwa iitwayo b2. Mwaka uliofuata Movable Type, iliyokuwa ikitamba wakati huo, ikabadilisha masharti ya leseni na kuanza kuwatoza watumiaji wengi waliozoea bure. Wakahamia WordPress kwa makundi. Leo, kwa hesabu za W3Techs, wanaofuatilia teknolojia za tovuti, zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote zinaendeshwa na WordPress.

Kuna mkanganyiko mmoja unaopoteza pesa za watu. WordPress ziko mbili. WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic: unafungua akaunti, wao wanatunza, na ukitaka zaidi unalipia ngazi. WordPress.org ndiko inakotoka programu yenyewe, ya bure, unayoipandisha kwenye hostingi yako na kuitunza mwenyewe. Fundi akikutajia bei ya WordPress, muulize ipi kati ya hizo mbili kabla hujatoa senti.

Sifa kubwa ya WordPress kwa mtu wa Dar, Mombasa au Kampala haimo ndani ya programu. Ni kwamba fundi wake yuko kila mtaa. Kijana wa IT akihamia Dodoma, utapata mwingine kabla ya Ijumaa. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya Ruby, kama Discourse, inaweza kuwa nzuri mara mbili, lakini jaribu kumtafuta mtu wa Ruby hapo Morogoro.

Sifa ya pili ni kujisasisha. Tangu toleo la 3.7, Oktoba 2013, masasisho madogo ya usalama hujisakinisha yenyewe. Toleo la 5.5, Agosti 2020, likaongeza uwezo huo kwa plagini (nyongeza) na themu (mapambo ya sura). Usidharau kitufe hicho. WordPress 4.7.2 ilitoka 26 Januari 2017. Waundaji walitaja mianya mitatu waliyoiziba, wakanyamaza kuhusu wa nne, mkubwa kuliko yote, hadi 1 Februari, ili tovuti zinazojisasisha ziwahi kupona. Siri ilipotoka tu, wadukuzi wakaingia kazini, na zaidi ya kurasa milioni moja zikaandikwa upya na watu wasio wenye nazo. Waliokuwa wamewasha kujisasisha walisoma habari hizo kama habari za jirani. Waliozima kwa sababu fundi aliwaambia "usisasishe, themu itavunjika" ndio walionipigia simu.

Na hapo tumefika kwenye themu na plagini, ambako ndiko paa linakovujia. WordPress yenyewe ni imara. Hatari inaingia na vile vidude ishirini na saba ulivyoviongeza, kila kimoja na mwandishi wake, wengine walishaacha kuvitunza miaka mitano iliyopita. Na kuna ugonjwa wetu wa hapa nyumbani: themu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazozungushwa Telegram au kuuzwa kwa elfu tano. Aliyeivunja hakufanya sadaka. Nimefungua faili za themu hizo mara nyingi na kukuta msimbo uliofichwa unaotuma wasomaji kwenye tovuti za kamari, na kwa kuwa hazina leseni haziwezi kusasishwa. Themu ya bure kutoka hazina rasmi, hata ikiwa na sura ya kawaida, ni bora mara kumi.

Masasisho makubwa ni habari nyingine. Toleo la 5.0, Desemba 2018, lilibadilisha kabisa mahali pa kuandikia: badala ya karatasi moja ndefu, kila aya ikawa kisanduku chake. Mzee mmoja ninayemtunzia blogu ya historia ya ukoo wake alinipigia asubuhi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kijana wangu, nani kaihamisha meza yangu?" Nikamwekea plagini ya Classic Editor inayorudisha mahali pa zamani, na mpaka leo anaandikia hapo. Ninachojifunza kwa mzee yule ni kwamba kupandisha toleo hakugusi seva peke yake. Kunagusa mikono ya mtu aliyezoea.

Ghost nitaipita haraka. Ilianza 2013 kwa michango ya Kickstarter, na kwa kuandikia ni tamu kuliko zote: ukurasa mweupe, hakuna kelele. Inatuma barua pepe kwa wasomaji na kukusanya ada za wanachama yenyewe. Ila ada hizo hupita Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Tanzania, kwa hiyo kipande kinachowavutia wengi ndicho kisichofanya kazi hapa. Haikai kwenye hostingi ya pamoja ya kawaida. Inataka VPS, yaani seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe, na Node.js ya kuiendesha, na tangu toleo la 5.0 la 2022 inataka databesi ya MySQL 8 na si vinginevyo. Kama hujui mstari wa amri, lipia huduma yao wenyewe au achana nayo.

Unahitaji jukwaa kweli?

Watu mia tatu wanaojuana hawahitaji jukwaa. Kundi la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024, kila mtu anayo simuni tayari, na hakuna wa kumfundisha. Jukwaa linaanza kuwa na maana pale majibu yanapohitaji kuishi. Mtu akiuliza leo dawa ya mnyauko wa migomba, jibu lake WhatsApp litazama chini ya salamu za asubuhi kabla ya saa sita. Kwenye jukwaa uzi, yaani swali pamoja na majibu yake, unabaki, Google inauona, na mwaka wa sita mkulima mwingine anaufikia bila kumjua aliyeuandika. Ukihitaji kumbukumbu, fungua jukwaa. Ukihitaji soga, bakia ulipo.

Na kama blogu yako ya WordPress tayari ipo, jaribu kwanza bbPress, plagini ya jukwaa inayokaa humohumo. Ni nyembamba, haina mbwembwe, lakini haikuongezei seva ya pili wala nywila ya pili. Kwa wanachama mia mbili inatosha.

phpBB, na somo la Desemba 2004

phpBB ilianza Juni 2000. Ni ya bure, inaendeshwa kwa PHP na MySQL kama WordPress, hostingi ya bei ndogo inaitosha, na ukurasa wake ni mwepesi. Kwenye simu ya laki moja yenye bando linaloelekea ukingoni, uzi wa phpBB unafunguka kabla ya nyingine zote nitakazozitaja.

Lakini phpBB ndiyo iliyonitia woga. Toleo la 2.0.11 lilitoka Novemba 2004 likiziba mwanya katika faili la viewtopic.php. Mwezi uliofuata, siku chache kabla ya Krismasi, kikazuka kirusi kilichoitwa Santy. Hakikupoteza muda kubahatisha anwani. Kiliiuliza Google kurasa zenye viewtopic.php ziko wapi, Google ikajibu kama inavyomjibu yeyote, nacho kikapita kikifuta maandishi na kuacha tangazo lake. Makumi ya maelfu ya tovuti yalichafuliwa kabla Google haijaanza kuyakataa maswali ya kirusi hicho. Dawa ilikuwa imekaa dukani zaidi ya mwezi mzima.

Kwa nini watu hawakuwa wamesasisha? Uvivu ulikuwepo, lakini si wote. Enzi zile nyongeza za phpBB ziliitwa MOD, na kuweka MOD kulimaanisha kufungua faili za programu yenyewe kwa mkono: tafuta mstari huu, chini yake bandika huu. Jukwaa lenye MOD ishirini lilikuwa kama suruali ya mkulima, viraka hadi kitambaa cha awali hakionekani. Ukisasisha, viraka vyote vinang'oka na unaanza upya. Kwa hiyo kadiri jukwaa lilivyopendwa na mwenyewe ndivyo lilivyoogopwa kuguswa.

Toleo la 3.1, Oktoba 2014, ndilo lililokata mzizi huo. Nyongeza sasa hukaa kwenye folda zake, faili za msingi haziguswi, na ukurasa ukaanza kujipanga wenyewe kwenye skrini ya simu. Mwenye phpBB ya 3.0 au ya kale zaidi ana sababu nzito ya kupanda hadi 3.3: safari nyingine zote zitakuwa nyepesi baada ya hiyo.

MyBB na SMF ni ndugu wa phpBB wa tumbo moja: bure, PHP, nyepesi. Kama tayari unazo na zinasasishwa, kaa nazo. Kwa anayeanza leo, sioni kinachozifanya zimshinde dada yao.

vBulletin na XenForo

Miaka ya 2000 vBulletin ilikuwa ndiyo gari la wakubwa. Kisha 2007 Internet Brands wakainunua kampuni iliyoimiliki, na Kier Darby na Mike Sullivan, waliokuwa mafundi wake wakuu, wakaondoka. Mwaka 2010 wakaja na XenForo, wakaburutwa mahakamani, kesi ikaisha 2013, na wakati huo majukwaa mengi yalikuwa yameshaanza kuwafuata mafundi badala ya jina. vBulletin nayo haikujisaidia: Septemba 2019 kulitangazwa mwanya katika tawi la 5 uliomwezesha mtu yeyote, bila hata kuingia kwa nywila, kuiamuru seva ifanye atakalo.

Ukitaka kuona XenForo ikibeba mzigo mkubwa wa Kiswahili, ingia JamiiForums, jukwaa lililoanza 2006 kwa jina la JamboForums. Zile nyuzi ndefu, zile "mkuu" na "wadau", zile alama za kupenda jibu, chini yake injini ni XenForo.

XenForo ni ya kulipia. Leseni moja ni ya tovuti moja, na inakuja na mwaka mmoja wa masasisho na msaada. Mwaka ukiisha jukwaa halizimiki, ila matoleo mapya huyapati mpaka uhuishe. Bei inatajwa kwa dola, na ingawa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa imerahisisha malipo, mtihani ni ule wa mwaka wa pili: mweka hazina mpya haelewi kwa nini chama kilipie tena kitu "kilichokwisha nunuliwa". Andikeni ada hiyo kwenye bajeti ya kila mwaka pamoja na hostingi na domeini, kabla ya posho za vikao.

Kwenye kupanda toleo, XenForo ndogo kwa ndogo ni laini sana. Mlima ulikuwa 2017, ilipotoka 2.0: nyongeza na mitindo ya 1.x haikufanya kazi humo, ikabidi kila kitu kiandikwe au kinunuliwe upya. Nawajua waliokwama kwenye 1.5 kwa miaka kwa ajili ya nyongeza moja ya matangazo madogomadogo. Ndiyo maana nasema hesabu nyongeza zako kabla hujahesabu nyuzi zako.

Discourse na Flarum

Discourse ilitangazwa Februari 2013 na Jeff Atwood, Robin Ward na Sam Saffron, na ukiitumia kwa siku mbili majukwaa mengine yanaanza kunuka vumbi. Unashuka bila kugeuza kurasa, majibu yanaingia mbele ya macho yako, na mwanachama mpya hupandishwa ngazi za uaminifu, kuanzia sifuri hadi tatu, kadiri anavyosoma na kuandika; ya nne hupewa kwa mkono. Mwenye ngazi sifuri hana uwezo wa kumwaga viungo na picha atakavyo, kwa hiyo spamu nyingi hufia mlangoni. Kwa jukwaa lenye msimamizi mmoja aliyechoka, ngazi hizo ni msaidizi asiyelipwa mshahara.

Gharama iko kwingine. Haikai kwenye hostingi ya pamoja. Inataka VPS yenye RAM ya GB 1 kwa uchache, GB 2 ukitaka amani, na husakinishwa ndani ya Docker, kasha la kufungia programu, pamoja na databesi za PostgreSQL na Redis. Inataka pia barua pepe inayotoka kweli, la sivyo hakuna anayeweza kujiandikisha; na watoa VPS wengi hufunga mlango namba 25, kwa hiyo utalazimika kupitia huduma nyingine ya kutuma barua. Wengi huishia hapo, wakidhani programu ni mbovu.

Msomaji naye analipa. Discourse inamtumia msomaji JavaScript nyingi, na simu ndiyo inayofanya kazi ya kuichora. Mwaka 2015 Atwood mwenyewe alilalamika hadharani kwamba simu za Android zilikuwa nyuma sana ya iPhone katika kazi hiyo. Simu zimeboreka tangu hapo, lakini wasomaji wako wakiwa Sumbawanga na Android ya bei ya chini, ifungue kwenye simu ya aina hiyo kabla hujaamua. Usiijaribu kwenye kompyuta ya ofisini.

Kusasisha Discourse ni raha, siku tisini na tisa kati ya mia. Unaingia ukurasa wa msimamizi, unabonyeza, unakunywa chai. Siku ya mia inakuambia uingie kwenye seva uandike amri ya kujenga upya, na seva ya GB 1 isiyo na nafasi ya akiba inaweza kuishiwa pumzi katikati. Kila baada ya miaka kadhaa PostgreSQL yenyewe hubadilishwa toleo, na hapo diski inatakiwa iwe na nafasi ya kubeba data zako mara mbili. Mtu wa kuamka awe anajua mambo hayo.

Flarum imekaa katikati: sura ya kisasa inayofanana na Discourse, lakini kwa PHP na MySQL. Toleo la 1.0 lilitoka Mei 2021. Nyongeza zake husimamiwa kwa Composer, kifaa cha mstari wa amri, na hostingi nyingi za bei ndogo hazikupi mlango wa kuitumia vizuri. Naipenda, lakini bado siipi chama kisicho na fundi.

Usiku na sheria

Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, David Kobia alilifunga jukwaa lake la Mashada kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamewazidi wasimamizi. Yeye huyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa walioijenga Ushahidi wakati huohuo. Hakuna kitufe ambacho kingemwokoa, lakini kitufe kizuri humpa msimamizi saa chache zaidi. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Juni 2018 JamiiForums ilitoka hewani kwa muda kwa ajili ya masharti ya leseni. Soma toleo linalotumika sasa kabla ya kufungua, kwa maana muda wa kuondoa maudhui ukishataarifiwa huhesabiwa kwa saa. Kwa hiyo jaribu hili kwenye kila programu unayoipima: unaweza kuuficha uzi na kumfungia mwandishi wake ukiwa kitandani, kwa simu, kwa kidole kimoja? Discourse na XenForo, ndiyo, bila taabu. phpBB, ndiyo, ukivumilia hatua zake kadhaa.

Kupanda toleo, na kuhama

Bekapu ni vitu viwili, faili na databesi. Wengi huchukua kimoja. Databesi ina maneno. Faili zina picha, themu na lile faili la mipangilio (config) lenye nywila. Na bekapu ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Fungua kidomeini cha majaribio, irudishe humo, ipandishe toleo humo, ivunje humo. Ikivunjika, hakuna aliyeona.

Angalia PHP. Kampuni ya hostingi niliyowahi kuitumia ilipandisha PHP ya seva zake usiku bila neno, na jukwaa la zamani la mteja wangu likaamka jeupe, ukurasa mtupu. Dawa ilikuwa kuingia cPanel, kurudisha PHP ya zamani kwa muda, kupandisha toleo la jukwaa, kisha kuipandisha PHP tena. Ukifuata mpangilio huo unapona. Ukibaki kwenye PHP ya zamani moja kwa moja umehamisha ugonjwa tu. PHP 5.6 iliacha kupewa viraka mwisho wa 2018, na 7.4 Novemba 2022.

Kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine kuna maumivu matatu ambayo vipeperushi havitaji. La kwanza ni nywila: zimehifadhiwa kwa kusagwa, na programu mpya isipojua usagaji wa ile ya zamani, kila mwanachama ataombwa aweke nywila mpya kupitia barua pepe. Wanachama wa 2009 walijiandikisha kwa Yahoo ambazo hawazifungui tena. Utawapoteza, na mara nyingi ndio wazee wa jukwaa. La pili ni viungo: anwani za zamani zisipoelekezwa kwenye mpya, Google inawaleta watu kwenye ukuta.

La tatu ni letu sisi. Kiswahili kwa bahati kinaandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo databesi za kale hazituharibii kama zinavyowaharibia Wafaransa. Ila tuna ile ritifaa, alama ya juu kwenye ng'. Mtu akiandika Word na kubandika, Word humpa ritifaa iliyopinda, na databesi iliyohama vibaya kutoka latin1 kwenda utf8mb4, yaani namna mbili tofauti za kuhifadhi herufi, humgeuza ng'ombe kuwa ngâ€™ombe. Nilihamisha jukwaa la wafugaji nikalipima kwa kurasa tatu za salamu, nikaridhika. Kesho yake ng'ombe wote walikuwa wagonjwa. Tangu siku hiyo ukurasa wangu wa kwanza wa majaribio una ng'ombe, ng'ambo, na alama ya shilingi.

Utafutaji nao uujaribu kwa Kiswahili. Programu hizi nyingi zimefunzwa wingi wa Kiingereza. Ukitafuta kitabu hazikupi vitabu. Na majukwaa ya kale yanayotegemea utafutaji wa MySQL kwenye majedwali ya aina ya kale ya MyISAM kwa kawaida huruka neno lenye herufi chini ya nne. Jukwaa la biashara lisiloweza kutafuta "bei" ni kichekesho, lakini nimeliona.

Basi ipi?

Mwandishi mmoja asiye na fundi: Blogger yenye domeini yake. Ofisi, gazeti dogo au shule yenye mtu wa kuangalia mara moja kwa mwezi: WordPress, plagini zisizozidi kumi, kujisasisha kumewashwa. Jukwaa la chama lenye bajeti ndogo na wasomaji wa simu nyepesi: phpBB 3.3. Jukwaa linalokua, lenye mapato ya matangazo: XenForo. Watu wa teknolojia, au shirika lenye mhandisi wa kudumu: Discourse, na kama hana muda, walipie wenyeji wake waitunze.

Mwezi uliopita chama cha wahitimu kilinijia kikitaka Discourse, kwa kuwa mjumbe wao aliyeko Toronto aliiona kazini kwake. Nikauliza swali langu la nywila. Kimya. Mjumbe wa Toronto akasema yeye yuko tayari. Nikaomba waandike kwenye muhtasari jina lake, na la msaidizi atakayeishika akiwa amelala, kwa sababu usiku wake ndio mchana wetu. Msaidizi hakupatikana. Wamefungua Blogger, soga zao zinaendelea WhatsApp, na yule wa Toronto analipia domeini, ambayo nilihakikisha imesajiliwa kwa jina la chama, si lake.